Daftari Kabla ya Gunia: Mwongozo wa Mshauri wa Komini Anayetaka Kusaidia Familia Lubumbashi

Tarehe 20 Desemba 2023, siku ileile tuliyopiga kura ya rais na ya wabunge, wakaaji wa komini (sehemu za utawala za mji) za Lubumbashi, hapa Kongo (DRC), walichagua pia washauri wa komini, wale ambao ndugu zetu wa Tanzania wanawaita madiwani. Majina yalipotangazwa tu, hodi zikaanza mlangoni. Mama ambaye mwanawe amerudishwa nyumbani na shule, baba mwenye maiti kwenye morge, kambo (bibi mzee) asiye na unga wa jioni. Hakuna aliyekuja kuuliza habari za bajeti. Walikuja kwa sababu sasa mwenye cheo ni mtu wa avenii (njia ya mtaa) ya pili, mtu waliyemwona utotoni akicheza mpira miguu peku.

Mimi ndiye ninayeshika daftari la misaada la mshauri mmoja huku komini ya Katuba. Haya ninayoandika tumejifunza kwa kutembea, na mengine tumejifunza kwa kukosea. Nayaandika kwa ajili ya washauri wenyewe na kwa wale wanaotembea nao: katibu, mama wa kanisa, kijana wa msikiti, shefu wa avenii, mwalimu. Iwe ni komini ya Katuba, ya Kenya (si nchi ya Kenya), Kamalondo, Ruashi, Kampemba, Annexe au komini ya Lubumbashi, shida za familia zinafanana sana.

Hatua ya 1: Eleza pesa ni ya nani

Anza na hili, maana ukilichelewesha litakusumbua hadi mwisho wa mandati, yaani muhula wako. Kwa sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inayopanga kazi za miji, komini, sekta na shefri, baraza la komini linajadili, linapitisha bajeti na kusimamia. Utekelezaji na kasha ni vya uongozi wa komini, yaani burugumesta (mkuu wa komini) na wenzake. Mshauri hana kasha la komini mkononi. Kwa hiyo unga unaogawa, umenunua kwa pesa yako au kwa pesa ya waliokuchangia. Useme hivyo kwa sauti, kila mara: "Hii imetoka kwa watu fulani wa kartiye yetu," yaani mtaa wetu. Usiposema, watu wataamini ni mali ya serikali, na kesho yake atakuja mtu kudai haki yake kwa hasira, naye hatakuwa na kosa.

Tuna makatazo matatu ambayo hatuyavunji. Gunia haliandikwi jina la mshauri. Anayepokea haulizwi chama chake. Na kadi ya mpiga kura haiombwi kwa ajili ya chakula. Najua kadi hiyo ndiyo kitambulisho cha wengi, lakini mama akiona unanakili namba ya kadi yake huku gunia limesimama kando, ataelewa kitu kimoja tu: kwamba unamnunua. Tunaandika jina, avenii na namba ya lupango (kiwanja cha nyumba), basi.

Hatua ya 2: Tembea, ukiwa huna kitu mkononi

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo wengi wanaporuka.

Ziara ya kwanza nenda bila gunia, bila mpiga picha, bila kundi la vijana wa kushangilia. Nendeni watu wawili, mmoja awe mama. Sisi tunapenda saa kumi na moja jioni, saa ya kuwasha mbabula, jiko la makaa. Ukipita polepole kwenye avenii saa hiyo, moshi wenyewe unakuonyesha. Lupango hii wanapika, ile wanapika, ile nyingine watoto wamekaa kwenye kizingiti wanatazama moshi wa jirani. Hakuna karatasi ya ofisi itakayokueleza hilo.

Bisha hodi, salimu, kaa ukikaribishwa. Kama ni mama mtu mzima mwite Mama, kama ni mzee wa kike mwite Kambo, na usikatae maji ukipewa. Kisha uliza taratibu, majirani wakiwa mbali:

Wangapi wanalala hapa usiku? (Usiulize "mna watoto wangapi." Utaachwa bila kujua habari za mpwa, mjukuu na shangazi mgonjwa.) Jana mlikula nini, na saa ngapi? Nani analeta pesa, na ililetwa mara ya mwisho lini? Kuna mgonjwa? Kuna mtoto asiyesoma? Kuna mama mwenye mimba, na ni ya miezi mingapi? Nyumba ni yenu au ni ya kukodi?

Swali la pesa lina siri moja ambayo ilituchukua muda kuiona. Katika mji huu kuna wake ambao si wajane, wala hawakuachwa, lakini baba wa nyumba ameenda Kolwezi, au Kipushi, au Kasumbalesa, kutafuta maisha kwenye machimbo au mpakani. Mwezi wa kwanza anatuma kitu kwa simu. Mwezi wa tatu anatuma salamu. Mwezi wa sita namba yake haipatikani. Mama huyo haingii kwenye orodha ya wajane ya parokia, na haya inamzuia kusema mume amenyamaza. Siku hizi tunauliza waziwazi, kwa upole: "Papa yuko nyumbani siku hizi?" Familia nyingi zilizo kwenye kurasa zetu za kwanza ni za namna hiyo.

Daftari lenyewe ni kaye (daftari la shule) ya kawaida yenye jalada gumu. Kila familia ina ukurasa wake. Juu unaandika jina la mkubwa wa nyumba, avenii, namba, idadi ya wanaolala. Chini unaandika tarehe na ulichokiona, kwa maneno ya kawaida: "Mtoto wa mwisho anakohoa. Paa linavuja upande wa jikoni. Kambo anauza makala (makaa) kwa mafungu, lakini mtaji umeliwa." Usiandike "familia maskini." Neno hilo halikusaidii kuamua lolote.

Shefu wa avenii atakupa orodha yake, ipokee kwa shukrani. Ila usiishie hapo, maana kila binadamu anawaona wa kwake kwanza. Pitia pia kwa reko, wale wajitolea wa afya wanaozunguka nyumba kwa nyumba. Kwa mwalimu wa darasa la kwanza, anayejua ni nani anasinzia kwa njaa. Na kwa mama anayeuza unga kwa meka (kopo la kipimo), anayejua nani ameacha kununua meka nzima na sasa anaomba nusu. Jina likitajwa na wawili kati ya hao, nenda.

Mkiwa na reko, muombe aje na kanda ya kupima mkono kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Inafungwa katikati ya mkono wa juu, wa kushoto. Kijani ni sawa. Njano, yaani kati ya sentimita 11.5 na 12.5, mtoto ameanza kudhoofika na afuatiliwe. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ni hatari: mtoto huyo hangoji unga wenu, anapelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mtoto aliyevimba miguu yote miwili, hata kama mashavu yake yanaonekana yamejaa. Tulishawahi kumwona mtoto wa hivyo, bibi yake akitwambia kwa furaha kwamba ameanza kunenepa. Mshauri alimbonyeza mguu kwa kidole gumba, shimo likabaki. Tulimpakia na bibi yake kwenye pikipiki ya manseba (dereva wa teksi ya pikipiki) bila kumaliza mazungumzo.

Hatua ya 3: Tenganisha shida za pesa na shida za miguu

Ukirudi nyumbani, fungua daftari na upitie kila ukurasa kwa swali moja: hapa panahitaji pesa, au panahitaji mtu wa kutembea na kuongea? Utashangaa. Kwetu, kurasa nyingi zilihitaji miguu.

Kambo mmoja wa wajukuu 4 ndiye aliyetufungua macho. Tulikuwa tumempelekea unga mara mbili. Mara ya tatu akatushika mkono: "Mwanangu, unga ni muzuri, Mungu akubariki. Lakini mutoto huyu hana hata karatasi moja. Kesho nikikufa, nani atajua ni wa nani?" Tukaona aibu. Tulikuwa tumekaa kwenye nyumba ile mara mbili na hatukuwahi kuuliza.

Karatasi ya kuzaliwa. Mtoto anatakiwa kuandikishwa kwenye etasivili (ofisi ya uandikishaji wa raia) ya komini ndani ya siku 90 tangu azaliwe, na ndani ya muda huo kuandikisha ni bure. Mzazi anakwenda na karatasi ya maternite (hospitali ya uzazi) pamoja na kitambulisho chake. Hapa ndipo kadi ya mpiga kura ina kazi. Siku 90 zikipita, njia inakuwa ndefu: inabidi kupitia kwa mahakama ya watoto kupata hukumu, ndipo etasivili iandike. Kwa hiyo usingoje. Mama mwenye mimba aliyeandikwa kwenye daftari awekewe mwezi wa kujifungua pembeni kwa kalamu nyekundu. Akishajifungua, mwende kumpa hongera, na mhesabu: siku ya 60 ikifika hajaenda, msindikizeni. Ni mwendo wa asubuhi moja na haugharimu gunia hata moja. Kama mtoto ameshapita muda, kusanyeni wa hali hiyo watano au kumi, mwende nao pamoja kuuliza utaratibu wa mahakama. Familia moja ikienda peke yake inachoka njiani.

Shule. Katiba, kwenye kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure, na utekelezaji ulianza Septemba 2019. Kwa hiyo mzazi akija kulia kwamba mtoto wa msingi amefukuzwa kwa sababu ya ada kwenye shule ya serikali, usikimbilie kutoa pesa. Nenda kaulize kwa heshima, ukiwa na mzazi, ni pesa ya nini na kwa uamuzi wa nani. Ukilipa kimya, umewalipia wote wasiotakiwa kulipa. Pesa yako iweke kwenye yale ambayo ubure hauyafikii: shati jeupe na sketi au suruali ya bluu, kaye, viatu; na kwa wa sekondari, ada yenyewe. Ada hiyo ilipwe shuleni moja kwa moja, risiti iandikwe jina la mtoto, nakala ibaki kwenye daftari.

Deni la hospitali. Kila mwezi linakuja hili: mama amejifungua, amepona, lakini hawezi kutoka kwa sababu faktire, yaani bili, haijalipwa. Msichana mmoja wa miaka 19 tulimkuta amelala kwenye mkeka kando ya kitanda ambacho kilishapewa mgonjwa mwingine, mtoto amefunikwa kitenge, siku ya 11. Hatua ni hizi. Omba faktire iliyoandikwa kitu kwa kitu. Mara nyingine hesabu inapungua kwa kusomwa tu. Muone mhudumu wa jamii wa hospitali, kama yupo. Wakati huohuo mtu mmoja aende komini, kwenye huduma ya mambo ya jamii, kuomba ile hati ambayo kwa Kifaransa wanaiita attestation d'indigence, inayothibitisha kwamba familia haina uwezo. Halafu kaeni na mhasibu mpange malipo ya polepole. Yule msichana tulimlipia nusu, kaka yake akamaliza iliyobaki kwa miezi mitatu. Angalizo moja: mshauri akitia sahihi, atie kama shahidi. Asitie kama mdhamini ikiwa hawezi kulipa, maana madeni ya watu watano yatamfunga yeye mwenyewe na watoto wake.

Kodi ya nyumba. Hapa neno la mshauri lina uzito kuliko franga zake. Mwenye nyumba anataka kumtoa mpangaji. Mpangaji ana miezi minne hajalipa na garanti (pesa ya dhamana) imeliwa. Ukilipa mwezi mmoja umesogeza tatizo kwa siku 30. Keti nao wote wawili, chini ya mwembe au popote palipo na kivuli, na shefu wa avenii akiwepo. Mwenye nyumba naye sikiliza. Mara nyingi ni mjane anayeishi kwa kodi hiyohiyo. Kinachotakiwa ni tarehe ya kweli ya kuhama au kiasi cha kweli cha kulipa kila mwezi, kiandikwe, kila mmoja abaki na nakala.

Mtoto aliyeitwa mchawi. Hili naliandika nikiwa na uchungu. Kifo kimetokea, kazi imepotea, na kidole kinaelekezwa kwa mtoto wa kufikia au yatima. Ananyimwa chakula "apone," au anafukuzwa, na hivyo ndivyo wengi wa hawa tunaowaita shege, watoto wa mitaani, wanavyofika sokoni. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza na kuadhibu kumshtaki mtoto kwa uchawi. Lakini usiingie lupango ukiwa na sheria mdomoni, watamficha mtoto. Ingia kama mgeni wa kilio, uliza nani amekufa, sikiliza. Tafuta ndugu mmoja, shangazi au mjomba, asiyeamini shutuma hiyo, mtoto alale kwake usiku huohuo. Baada ya hapo peleka habari kwa huduma ya mambo ya jamii ya komini, na ukiona majeraha, kwa polisi wa ulinzi wa mtoto na mwanamke, bila kungoja kibali cha familia. Usimchukue mtoto kwenda kukaa kwako, hata moyo ukikusukuma. Utamkosesha ndugu wa kudumu kwa ajili ya wema wa wiki mbili.

Hatua ya 4: Changisha kidogo, kwa wengi

Mchango mmoja mkubwa wa tajiri mmoja una mlango wa nyuma: kuna siku atakuja kuomba saini yako kwenye kiwanja. Sisi tunapendelea michango midogo. Mama wa soko anatoa kopo moja la maharagi kwa wiki. Mwenye mashini ya kusaga anasaga bure mfuko mmoja kwa mwezi. Kikundi cha likelemba (mchango wa kupokezana kwa zamu) kinakubali kwamba kila zamu itakapofika, anayepokea anaacha kiasi kidogo. Mtoto wa kartiye aliye Johannesburg au Ubelgiji anatuma kwa simu. Hakuna hata mmoja anayeweza kusema mshauri ni wa kwake.

Pesa ishikwe na watu watatu: mmoja anaandika, mmoja anatunza, mmoja anakagua, na mshauri asiwe miongoni mwao. Pesa ya simu ipokelewe kwenye laini iliyotengwa kwa kazi hiyo, isiwe ile ambayo mke wa mshauri ananunulia muda wa maongezi. Kila mwisho wa mwezi karatasi moja ya hesabu ibandikwe mahali watu wanapopita: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Majina ya waliochanga yawepo, kama wamekubali. Majina ya waliopokea yasiwepo kamwe.

Kazi ikikua hadi kuwa na akaunti ya benki na wafadhili wa nje, iandikisheni kama shirika lisilo la faida kwa mujibu wa sheria ya tarehe 20 Julai 2001, lenye kamati yake. Hapo litabaki hata mshauri akishindwa uchaguzi.

Hatua ya 5: Kutoa

Niseme kosa letu. Mwaka wa kwanza tulitangaza mgao uwanjani. Tulikuwa na mifuko 60. Saa mbili asubuhi watu walikuwa wameshazidi mia tatu. Akina mama waliokuja na vitambulisho mikononi walisukumwa na vijana wenye nguvu, kambo mmoja akaangushwa, kiatu chake kimoja kikapotea, na mifuko ikaisha kabla ya nusu ya watu wa orodha yetu kupata. Jioni mshauri alikwenda kwa yule kambo na jozi mpya ya viatu vya plastiki. Alipokelewa vizuri kuliko tulivyostahili. Tangu siku ile hatujatoa kitu uwanjani.

Sasa tunatoa hivi. Familia 8 hadi 10 kwa jioni moja, si zaidi. Pusupusu (mkokoteni) inaleta mifuko hadi kwenye lupango moja ya jirani anayeaminika, kisha kila mfuko unabebwa hadi nyumbani kwake baada ya magharibi, kama vile ndugu anavyompelekea ndugu. Jirani hana haja ya kujua. Wale wasiotembea wanatangulia.

Kipimo: tunahesabu gramu 300 za unga wa mahindi kwa mtu kwa siku. Nyumba ya watu 6 inakula kilo 1.8, kwa hiyo gunia la kilo 25 ni bukari (ugali) ya wiki mbili hivi. Unga peke yake haumjengi mtoto. Ongeza maharagi, kapenta kavu (dagaa), mafuta, chumvi yenye ayodini na sabuni. Pesa ikiwa haba, punguza unga kabla ya kupunguza maharagi. Na mizani iwepo. Mfuko wa mmoja ukiwa mwepesi kuliko wa mwenzake, mtaa mzima utajua kabla ya asubuhi.

Maziwa ya kopo kwa watoto wachanga msigawe, hata kama mfadhili ameyaleta bure na kwa nia njema. Mama akianza nayo, maziwa yake yanapungua. Kopo likiisha hana pesa ya kununua jingine, na maji ya kuchanganyia ni ya kisima. Mtoto wa chini ya miezi 6 anasaidiwa kwa kumlisha mama yake vizuri. Kama mama amefariki au hana maziwa kabisa, hilo ni la kituo cha afya kuamua.

Juu ya picha: tunapiga picha ya mifuko, ya mizani na ya risiti. Mfadhili akitaka zaidi, tunampigia simu, familia ikiwa imekubali, aongee nayo mwenyewe. Kuna watoto shuleni ambao wenzao wanawacheka kwa picha ya msaada iliyozunguka kwenye simu za watu mwaka mzima.

Hatua ya 6: Fuata majira ya mji

Julai na Agosti ni baridi na vumbi. Hapo kusanya blanketi, na muhimu zaidi anza sare na kaye, maana Septemba shule zinafunguliwa na bei inapanda wiki ileile. Mvua zikianza, kabla ya Novemba, itisha salongo (kazi ya pamoja ya wakaaji) ya kuzibua mifereji, na mshauri ashike sepetu kama wengine. Mvua zikikolea kipindupindu kinaweza kuja. Kila nyumba ya daftari ijue kuchanganya maji ya kuokoa: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, na kukimbilia kituo cha afya huku mgonjwa akiendelea kunywa. Kuanzia Desemba hadi mahindi mapya yatoke, unga unapanda bei; nusu ya pesa ya mwaka tunaiwekea miezi hiyo. Vilio havina majira, kwa hiyo kuna bahasha ndogo ya pembeni ambayo haiguswi kwa jambo lingine.

Hatua ya 7: Lipeleke daftari barazani

Hapa ndipo mshauri anapomzidi mfadhili yeyote. Mfadhili anaweza kuleta gunia, lakini hawezi kupiga kura kwenye bajeti ya komini. Kabla ya kikao cha bajeti tunakaa usiku mmoja, tunahesabu kutoka kwenye kurasa, bila majina: watoto wangapi hawana karatasi ya kuzaliwa, kwenye avenii zipi, nyumba ngapi zinachota maji ya kisima kilicho karibu na choo, mara ngapi mwaka huu watu wameomba hati ya umaskini na wakazungushwa. Mshauri anasimama na namba hizo. Mara ya kwanza aliuliza kwa nini wakaaji wa mwisho wa kartiye walipe usafiri mara mbili kwenda kuandikisha mtoto, wakati karani mmoja angeweza kuja kwao siku moja kwa mwezi akiwa na rejista. Ombi hilo halikuhitaji pesa nyingi. Lilihitaji mtu mwenye hesabu mkononi na asiyechoka kuuliza tena kwenye kikao kinachofuata.

Na mshauri asiyekuwa na pesa kabisa, hata ya bahasha ya kilio, anaweza kufanya hatua hii na ile ya tatu peke yake. Nawajua watu walioogopa kupita kwenye avenii zao kwa sababu mifuko ilikuwa mitupu. Piteni. Semeni ukweli: "Mama, leo sina kitu, nimekuja kuona mtoto anaendeleaje."

Hatua ya 8: Rudi

Kila familia iliyosaidiwa itembelewe tena baada ya miezi mitatu, bila gunia, saa ya mbabula. Tazama yale uliyoyaandika mwanzoni, moja baada ya jingine: kikohozi, paa, mtaji wa makala. Lililokwisha lipigie mstari. Ukurasa ukiwa umepigwa mistari yote, muulize mwenye nyumba kama yuko tayari kuingia upande wa wanaochanga, hata kwa kopo moja la chumvi. Kambo wa wajukuu 4 alikubali kabla hatujamaliza kuuliza. Karatasi ya mjukuu wake iko ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya godoro, na kila tukifika anaitoa tuisome tena.